Mbwa Aliyeambiwa Asubiri

Mashine inataja umri wa mbwa: alikufa akiwa na miaka 15. Haiongezi neno. Ni taarifa ya maabara, imetolewa kwa sauti kavu, na karibu kila aliyemo chumbani anaipokea kama taarifa nyingine yoyote ya maabara. Isipokuwa mmoja. Kijana aliyesimama mbele ya mashine hiyo anajua kwamba mara ya mwisho alipomtia machoni mbwa wake, mbwa huyo alikuwa na miaka 3. Hesabu yenyewe haihitaji karatasi. Katikati kuna miaka 12, karibu umri mzima wa mbwa, na yeye hakuwepo.

Hapo ndipo inapogeuka "Jurassic Bark", sehemu ya katuni ya vichekesho ya Futurama iliyorushwa Marekani na kituo cha Fox tarehe 17 Novemba 2002. Iliandikwa na Eric Kaplan na kuongozwa na Swinton O. Scott III. Watu wazima na ndevu zao wamelizwa nayo, na wapo wanaoapa kwamba hawataitazama tena. Mimi huirudia, na kinachonirudisha ni udadisi wa kutaka kujua kilio kile kimeundwaje. Maana kimeundwa, hakikutokea tu. Kumliza mtazamaji kwa kifo cha mbwa ni kazi rahisi: mwandishi yeyote akimweka mbwa barabarani na gari likaja kwa kasi, machozi yatapatikana. Kaplan hakuishika njia hiyo. Mbwa wake hapigwi, hagongwi, haugui mbele yetu. Anafanya jambo moja tu aliloambiwa, basi.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na Futurama, kisa chake ni hiki. Philip J. Fry ni kijana wa New York anayepeleka piza kwa baiskeli, asiye na mbele wala nyuma. Usiku wa mwisho wa mwaka 1999 anapeleka piza kwenye maabara ya kugandisha watu, anatumbukia kwenye mtungi wa barafu kwa bahati mbaya, na anaamka miaka 1,000 baadaye. Huko anapata kazi ya kupeleka mizigo sayari kwa sayari, anaishi na Bender, roboti mlevi, mwizi na mwenye majivuno, na kazi yenyewe anaifanya chini ya profesa mzee ambaye kiukoo ni mjukuu wa mbali sana wa kaka yake. Baba wa katuni hii ni Matt Groening, yule yule wa The Simpsons, akishirikiana na David X. Cohen. Ilianza kurushwa tarehe 28 Machi 1999.

Katika sehemu ile ya kwanza kabisa kuna utani ambao ni vyema kuukumbuka. Fry anapotambua kwamba yuko karne nyingine, anaanza kuwahesabu: wazazi wake, wafanyakazi wenzake, mpenzi wake, wote hatawaona tena maishani. Anatua kidogo, kisha anarukaruka kwa furaha. Tunacheka, na tuna haki ya kucheka, kwa sababu maisha yake ya zamani tumeonyeshwa na hayakuwa na cha kutamaniwa. Lakini msiba ule wa watu wote aliowajua ulipitishwa pale kama kichekesho na haukulipiwa. Ulibaki deni. Miaka mitatu na ushee baadaye Kaplan alikuja kulidai.

Anaanza kulidai taratibu mno. Bender anajiandalia onyesho la mazingaombwe na anamtaka Fry awe msaidizi wake. Fry yeye ameona habari kwamba makumbusho yameweka hadharani mabaki ya karne ya 20, anakwenda, na anakuta duka la piza alilokuwa akifanyia kazi, Panucci's Pizza, limefukuliwa ardhini na kupangwa kama nyumba ya wafalme wa kale. Kuna kicheko kizuri hapa: wageni wa makumbusho wanatazama kwa heshima yale ambayo Fry aliyakimbia kwa uvivu. Kisha, miongoni mwa masalia, anamwona mbwa aliyegeuka jiwe. Anamtambua. Ni Seymour, mbwa wake.

Fry anataka apewe mbwa wake. Makumbusho yanakataa, naye anapiga kambi mlangoni na kuandamana siku tatu, huku akicheza dansi ya kizamani, mpaka wanamkabidhi. Profesa anamchunguza mbwa na kusema kwamba aligeuka kisukuku kwa haraka isiyo ya kawaida, kiasi kwamba anaweza kuzalishwa upya akiwa na kumbukumbu zake zote. Tangu hapo hadithi inakwenda kwa miguu miwili. Mguu mmoja uko karne ya 31: Fry anaandaa mapokezi ya rafiki yake na Bender ananuna kwa wivu. Mguu wa pili ni mbinu rejeshi inayotupeleka New York ya miaka ya 1997 hadi 1999, tuone Fry na Seymour walikutana vipi.

Na walikutana kwa mzaha. Mhuni mmoja alipiga simu dukani akaagiza piza kwa jina la Seymour Asses, jina ambalo ukilitamka kwa sauti kwa Kiingereza ni utani wa makalio. Fry akaandika jina, akapanda baiskeli, akafika kwenye uchochoro usio na mtu. Palikuwa na mbwa wa mitaani tu, mwenye njaa. Akampa piza. Mbwa akamfuata, na jina la ule utani likawa jina lake.

Sasa mrudishe Fry usiku ule wa mwisho wa 1999. Aliyempeleka maabara ya barafu ni nani? Mwingine wa simu za mzaha, naye akiwa ametumia jina la kipuuzi la aina ile ile. Kwa hiyo simu moja ya upuuzi ilimpa Fry rafiki, na simu nyingine ya upuuzi ikamtenganisha naye. Hakuna mhusika anayelisema hili. Hakuna anayegeukia kamera kutuonyesha. Mwandishi mwenye haraka angemtumia Leela, nahodha wao mwenye jicho moja, aseme jambo la hekima juu ya bahati. Kaplan aliliacha lilale chini ya hadithi, na mtazamaji anayeijua sehemu ya kwanza analikanyaga mwenyewe kwa wakati wake.

Hii ndiyo tabia ya ufundi wa sehemu hii nzima, na ndiyo ninayoistahi zaidi: kila kifaa kitakachotumika kutuumiza kinaingizwa kwanza kama kichekesho. Jina la mbwa ni kichekesho. Mbwa kufundishwa kubweka kwa mahadhi ya "Walking on Sunshine", wimbo wa furaha uliovuma miaka ya 1980, ni kichekesho. Hata namna mbwa anavyojaribu kumzuia Fry asitoke usiku ule imechorwa kama vituko vya mbwa msumbufu. Fry anamwambia abaki, amsubiri mpaka arudi. Ni maneno ambayo mtu humwambia mbwa kila siku na kuyasahau kabla hajafika kona. Tukiyasikia kwa mara ya kwanza hayana uzito wowote.

Bender anahitaji aya yake, kwa sababu wapo wanaoona kwamba sehemu yake ni kelele tu za kujazia dakika. Nadhani wamekosea. Wivu wake ndio unaotufumba macho. Siku ya kumzalisha Seymour upya, Bender anashindwa kuvumilia kunyang'anywa rafiki na jiwe, anamnyakua mbwa na kumtupa kwenye shimo la lava. Fry anavunjika moyo. Hapo tunaamini tumefika kileleni: hiki ndicho kizuizi, hapa ndipo patakapoamuliwa. Profesa anasema kwamba kama kisukuku kina dolomaiti ya kutosha huenda hakijayeyuka bado. Na Bender, ambaye kwa miaka amekuwa na mtindo wa kujigamba kwamba asilimia kadhaa ya mwili wake ni chuma hiki au kile, anajitosa kwa sababu, kumbe, asilimia 40 ya mwili wake ni dolomaiti.

Tazama kilichofanyika. Utani uliozoeleka wa mhusika, ambao kwa kawaida huja na kupita, safari hii unakuwa ndio ngazi ya kumshusha motoni na kumtoa. Roboti asiyejali mtu anajitosa kwenye lava kwa ajili ya mbwa aliyemchukia. Anamtoa. Tunashusha pumzi. Mioyo yetu imekwisha kulipa kiingilio, tumepata hofu yetu na tumepata wokovu wetu, na saa inaonyesha kwamba kipindi kinakaribia kwisha. Kilichobaki ni mbwa kuamka, kumlamba Fry usoni, na majina ya waliotengeneza kupita kwenye skrini.

Ndipo mashine inataja ile 15.

Sehemu hii imeanza na mazingaombwe ya Bender, na imetufanyia mazingaombwe yenyewe: mkono mmoja ulikuwa unacheza na lava huku mwingine ukipanga mambo mezani. Hatukudanganywa. Tarakimu zote tulikuwa nazo. Tuliambiwa mbwa alikuwa mdogo Fry alipoondoka, tuliona mbwa aliyegeuka jiwe ni mzima na mkubwa. Hatukuuliza tu.

Anachofanya Fry baada ya hapo ndicho kinachoitofautisha sehemu hii na hadithi za huruma za kawaida. Anaisimamisha mashine. Anaeleza, kwa utulivu ambao Billy West, mwigizaji wa sauti yake, anaupatia barabara bila kulegeza wala kulialia, kwamba Seymour aliishi miaka 12 bila yeye. Bila shaka alipata bwana mwingine, akapata maisha yake, akamsahau. Yeye Fry hatamsahau, lakini mbwa alikwisha kumsahau zamani sana, na si haki kumwamsha kwa ajili ya upweke wa mtu mmoja. (Billy West ndiye pia sauti ya profesa. Katika chumba kile anaongea peke yake pande zote mbili, na wengi hawatambui.)

Huu ni uamuzi wa kiungwana. Kwa yale anayoyajua Fry, ni uamuzi sahihi, na ni mara yake ya kwanza katika simulizi hii kumfikiria mwingine kabla ya nafsi yake. Kijana tuliyemwona akirukaruka kwa furaha ya kuachana na kila mtu amekomaa kiasi cha kuachia kitu anachokipenda. Kama kipindi kingekatikia hapo, tungesema ni kipindi kizuri chenye simanzi ya kiasi, tukaenda kulala.

Hakikatiki. Tunarudishwa nje ya duka la Panucci. Mbwa amekaa mlangoni.

Kipande hiki cha mwisho hakifiki dakika mbili na hakina mazungumzo. Seymour amekaa pale pale. Majira yanabadilika nyuma yake. Watu wanapita. Mwenye duka, ambaye tulimjua akiwa na sauti ya kufoka na mwili wa kazi, anaonekana amezeeka. Mbwa naye anazeeka, lakini wachoraji hawakumkondesha wala kumjaza majeraha ili kutuombea huruma. Mtindo wa Groening una mistari michache: jicho ni duara, ndani yake nukta. Kwa nukta ile huwezi kuchora huzuni nyingi, unaweza kuchora mwelekeo tu, na mwelekeo wa macho ya Seymour ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Anatazama upande ambao Fry aliondokea. Mwishoni analala chini na kufumba macho. Majina yanapita.

Uchoraji hapa umejizuia kwa makusudi, na kujizuia huko ni kazi ngumu kuliko madoido. Studio ya Rough Draft, iliyochora Futurama, ilikuwa na uwezo wa kuzungusha meli za angani kwa kompyuta na kuzichanganya na michoro ya mkono kiasi cha kumpumbaza mtazamaji. Katika dakika hii haikutumia lolote kati ya hayo. Mahali pale pale, mbwa yule yule, na muda unaopita.

Na kuna wimbo. Ni "I Will Wait for You", umeimbwa na Connie Francis. Ahadi yake iko kwenye jina tu: nitakungoja. Mtu anaweza kusema ni chaguo la waziwazi mno, wimbo wa kungoja juu ya mbwa anayengoja. Nami ningekubali, kama nisingejua ulikotoka. Michel Legrand aliutunga kwa ajili ya filamu ya Ufaransa ya mwaka 1964, Les Parapluies de Cherbourg, ya Jacques Demy, ambamo wahusika huimba kila neno tangu salamu hadi ugomvi. Katika filamu hiyo msichana Geneviève, aliyeigizwa na Catherine Deneuve, anamwahidi mpenzi wake Guy, anayepelekwa vitani Algeria, kwamba atamngoja. Hamngoji. Anagundua ana mimba, barua zinakuwa chache, mama yake anamsukuma, na tajiri mmoja muungwana anamposa. Wala hahukumiwi kwa hilo; maisha yamemshinda kama yanavyotushinda wengi. Kwa hiyo ahadi iliyowekwa na binadamu kwa wimbo mtamu ikavunjika mnamo 1964, na mwaka 2002 mbwa wa katuni, asiyejua hata maana ya ahadi, akaitimiza. Sijui mwingine aliyepata kuuazima wimbo huu na kuurudisha ukiwa umeongezeka thamani.

Wengi humlinganisha Seymour na Hachiko, na ni haki. Hachiko alikuwa mbwa wa kweli wa Tokyo. Bwana wake, Profesa Hidesaburo Ueno, alifariki ghafla kazini Mei 1925, na mbwa aliendelea kwenda kumpokea kituo cha treni cha Shibuya mpaka naye alipokufa Machi 1935. Kabla yake yupo Argos wa Homeri, mbwa aliyemngoja Odiseo miaka 20, akamtambua chini ya matambara ya ombaomba, akatikisa mkia, akafa. Lakini hawa wawili walionekana. Odiseo alimwona mbwa wake na akafuta chozi kisirisiri. Hachiko alijengewa sanamu akiwa bado hai, na abiria wakamletea chakula. Seymour hakuonwa na aliyekuwa akimngoja. Fry hajui, na katika sehemu hii hatajua. Anatoka maabara akiamini amesahauliwa, na sisi peke yetu ndio tunaoshika ushahidi, bila mtu wa kumpelekea. Kinaya cha aina hii, mtazamaji kujua asichokijua mhusika, ni kikongwe kama maigizo yenyewe, ila mara nyingi mhusika huja kujua mwishoni ili nasi tutue mzigo. Hapa mzigo haupokelewi.

Futurama yenyewe ilikuwa imefanya jambo la jirani na hili miezi 20 hivi kabla. Katika "The Luck of the Fryrish" ya Machi 2001, Fry anaamini kaka yake Yancy alimwibia jani lake la bahati na hata jina lake. Anafika kaburini kuchimba kwa hasira, na anasoma kwenye jiwe kwamba aliyezikwa pale ni mtoto wa Yancy, ambaye baba yake alimpa jina hilo kwa kumkumbuka mdogo wake aliyepotea. Pale Fry alimdhania binadamu mabaya, na jiwe likamsahihisha. Katika "Jurassic Bark" alimdhania mbwa mema ya kawaida, yaani kusahau na kuendelea kuishi, na hakuna jiwe la kumsahihisha. Ukizitazama kwa kufuatana utaona watu wa chumba kimoja cha waandishi wakijifunza kutoka kazi yao wenyewe: safari ya kwanza walitoa faraja, safari ya pili wakajua pa kuikata.

Chumba hicho, niseme kidogo, hakikuwa cha kawaida. Cohen alisomea fizikia Harvard. Ken Keeler, mwenzake, alikuwa na udaktari wa hisabati. Kaplan mwenyewe ni mtu wa falsafa, aliyeisomea Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 2014 akaandika kitabu kizima akiuliza kama Santa Claus yupo au hayupo. Huenda ndiyo sababu swali lililo ndani ya sehemu hii limekaa vizuri sana: je, inatosha kutenda jema kwa taarifa ulizonazo, hata kama taarifa hizo ni pungufu? Swali halitamkwi. Linafichwa ndani ya mbwa.

Nimekulia mahali ambapo mbwa hulala nje, hulinda boma, na hakuna anayemwita rafiki. Kwa wasomaji wengi wa Pwani hata kumgusa ni jambo la kujisafisha. Ndiyo maana nilitarajia hadithi ya Wamarekani na vipenzi vyao isinifikie. Imenifikia kwa sababu haidai nimpende mbwa. Seymour hana urembo. Hajapewa macho makubwa ya kuomba wala akili ya binadamu. Hasemi, hawazi kwa sauti, hasimulii. Katika katuni ambamo hata mashine zinapiga domo, yeye ameachwa awe mbwa tu. Kinachobaki mbele yetu ni agizo na aliyelitii. Mtu aliyewahi kuambiwa "nisubiri hapa, narudi sasa hivi" anajua kinachozungumzwa, afuge mbwa asifuge.

Wazo la kwanza la waandishi lilikuwa tofauti, na liliachwa kwa busara: aliyegeuka kisukuku awe mama yake Fry. Wakaona lingekuwa zito kupita kiasi. Walifanya vyema. Mama angehitaji kusema, angekuwa na yake ya kulalamikia, na mtoto kuamua kutomfufua mama yake ni kesi ya kutosha filamu nzima. Mbwa aliipunguzia hadithi maneno. Mama alikuja kupata zamu yake baadaye, mwaka 2013, katika "Game of Tones", kwa njia ya ndoto na kwa mkono mwepesi.

Sehemu hii iliteuliwa kugombea tuzo ya Emmy ya katuni bora mwaka 2003 na ikashindwa na The Simpsons, yaani Groening alijinyang'anya mwenyewe. Sina ugomvi na matokeo hayo, tuzo ni tuzo. Ugomvi wangu mdogo uko kwingine. Mwaka 2007 ilitoka filamu ya Futurama iitwayo Bender's Big Score, na humo, kwa njia ya kusafiri katika wakati, tunaambiwa kwamba nakala ya Fry ilirudi mwaka 2000 na kuishi juu ya duka la Panucci, Seymour akiwa naye. Hata ile haraka isiyo ya kawaida ya kugeuka jiwe inapewa sababu yake: mlipuko wa Bender. Kifundi imefungwa kwa ustadi, kila kijitundu kimezibwa, na naelewa huruma iliyowasukuma. Watazamaji waliumia kweli. Ila naona walilipa deni ambalo lilistahili kubaki wazi. Mbwa aliyengoja bure ameniachia swali. Mbwa aliyekuwa na bwana wake ameniachia habari njema, nayo habari njema huisha ukishaisikia.

Kama hujaiona, anza na sehemu ya kwanza ya mwaka 1999, uone Fry anavyofurahia kuwapoteza watu wote, kisha ndipo uje kwa "Jurassic Bark". Filamu ya 2007 iache kwa siku nyingine. Na majina yakianza kupita mwishoni, usimzimie mwenzako televisheni. Mwache atulie kwanza.